Wenye magari ya spoti ya zamani: geji ya oili inakuambia nini? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada (Dar)

Wakuu, salaam. Kila mara mtu anaweka picha ya dashibodi, mshale wa oili umelala chini, anauliza kama injini imekwisha. Majibu yanamiminika: "fungua injini", "mwaga hiyo, weka 20W-50 (oili nzito)". Ni wachache sana wanaomuuliza injini ilikuwa na joto kiasi gani, na ilikuwa kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ngapi. Bila hayo mawili namba ya presha haisemi kitu, na inaniuma kuona injini salama za magari haya zikifunguliwa kwa sababu ya sensa mbovu. Tuweke visa vyetu hapa: gari gani, geji ilisoma nini, na tatizo lilikuwa nini hasa.

Naanza mimi. Nina Subaru Impreza WRX ya mwishoni mwa miaka ya 90, injini ni EJ20 yenye turbo. Kiwandani ilitoka na taa ya oili tu, haina geji. Swichi ya taa hiyo inawaka presha ikianguka mpaka kama bar 0.15, yaani presha imeshakwisha. Ikiwaka ukiwa 4000 RPM, metal (beringi) za krenki zinasagana tayari. Kwa hiyo nikafunga geji, nikapata hofu mpya. Asubuhi injini ikiwa baridi mshale unapanda bar 5 na zaidi. Nikipandisha mlima Kitonga mchana, nyuma ya malori, nikasimama juu pale gari likiwa sailensi (linanguruma bila kukanyagwa mafuta), mshale unashuka mpaka bar 1 na kidogo. Fundi akaniambia pampu imekufa na metal zimelika, tushushe injini.

Nikatafuta kitabu cha ufundi cha Subaru. Kinataja kPa 98 kwa 600 RPM na kPa 294 kwa 5000 RPM, oili ikiwa nyuzi 80. Bar 1 ni kPa 100. Kumbe gari langu lilikuwa ndani ya kiwango, tena oili ikiwa na joto kupita hizo nyuzi 80. Injini haijafunguliwa mpaka leo na inavuta vizuri.

Karibuni.

Mdau wa Nairobi

Ahsante kwa mada, ndugu. Mimi niko na Datsun 240Z, ile aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Geji yake imeunganishwa: upande mmoja joto la maji, upande mwingine presha ya oili. Kila mwenye 240Z ninayemjua ashawahi kushtushwa na huo mshale. Injini ikishapata moto, ukisimama kwenye foleni unalala karibu na sifuri, ukikanyaga mafuta unainuka polepole kama haujaamua.

Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari ya rally enzi hizo alinionyesha namna ya kupima. Alitoa sensa ya kiwandani, akafunga kwenye tundu lile lile geji ya mpira, ile inayopokea oili yenyewe bila umeme. Akawasha, akaacha ipate moto sawasawa, akasoma. Sailensi ilisoma psi 18 (kama bar 1.2), na kwenye 3000 RPM ikawa 50 (kama bar 3.4). Geji ya dashibodi ilikuwa inasema karibu sifuri kwa injini hiyo hiyo! Ilikuwa sensa. Yule mzee ana kanuni yake: psi 10 kwa kila RPM elfu moja injini ikiwa moto, hapo huna haja ya kupoteza usingizi.

Neno moja kwa wenye hizi injini za L, kama ya 240Z: kama itabidi utoe pampu ya oili, kumbuka ule mhimili wake ndio unaozungusha distributa. Ukiurudisha bila kuupanga, taimingi inapotea na utadhani umeharibu kitu kingine kabisa.

Mdau wa Arusha

Wakuu naomba kueleweshwa. Kwa nini baridi presha iwe juu hivyo halafu ishuke? Pampu si ni ile ile?

Mwanzisha mada

Swali zuri mkuu, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea. Pampu inasukuma oili karibu kiasi kile kile kwa kila mzunguko. Presha inatokana na ugumu wa oili kupenya kwenye nafasi finyu kati ya metal na krenki. Oili ya baridi ni nzito kama uji uliopoa, haipiti kirahisi, kwa hiyo presha inapanda mpaka valvu ya pampu ifunguke na kurudisha ya ziada kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Ikipata moto inalainika, inapita kirahisi, mshale unashuka. Metal zikilika nafasi inapanuka na mshale unashuka zaidi.

Sasa ona hatari ya kumwaga oili nzito ili mshale upande. Mshale utapanda kweli, lakini nafasi iliyopanuka iko pale pale, na asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kamshafti na kwenye turbo. Kama kitabu cha gari lako kinaruhusu 20W-50 kwa joto la kwetu, weka bila wasiwasi. Kuiweka ili kunyamazisha geji nakataa kabisa.

Mdau wa Muscat

Assalaam aleikum. Nina Porsche 911 ya miaka ya 80, injini ya kupozwa kwa hewa. Huku kiangazi ni zaidi ya nyuzi 40 kivulini, na injini hii inategemea oili kwa kupoa kuliko nyingi, kwa hiyo geji naitazama kuliko spidi. Nyingi za hizi, mshale ukiwa karibu bar 1 kwa kila RPM elfu moja oili ikiwa moto, injini iko salama. Sailensi kwenye joto la huku inashuka chini ya hapo na ni kawaida yake.

Yangu niliinunua ikisoma nusu. Barabarani, injini ikivuta vizuri, haipiti bar 2. Nilipata bei nzuri kwa sababu muuzaji mwenyewe aliamini injini inakufa. Nikavua sensa, nikasoma maandishi ubavuni: sensa ya bar 10. Geji ni ya bar 5. Hizi sensa za kampuni ya VDO zinatoa upinzani ule ule wa umeme kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kipimo chake, kwa hiyo ya bar 10 kwenye geji ya bar 5 lazima isome nusu. Nikaweka inayostahili, mshale ukakaa mahali pake.

Na kiwango cha oili kwenye gari hizi usipime injini imezimwa. Iwe moto, inanguruma, imesimama tambarare, ndipo uchomoe stiki. Watu wanapima ikiwa baridi, wanaona pungufu, wanajaza kupita kiasi.

Mdau wa Ohio

Nawasoma kutoka Marekani. Wenye Mazda MX-5 za mwanzo, angalieni mwaka. Zilizouzwa huku 1990 hadi 1994 zina geji ya kweli, mshale unapanda na kushuka na injini. Kuanzia modeli ya 1995 wakaweka swichi: presha ikishapita kiwango kidogo tu mshale unasimama katikati na haubanduki, iwe sailensi au 6000 RPM. Yangu ni ya 1996. Nilichukua sensa na geji ya modeli ya zamani nikabadilisha, sasa ninaona ukweli.

Mdau wa Mombasa

Kisa changu ni cha presha iliyoshuka kweli. Toyota Celica GT-Four. Nina mazoea ya kuangalia geji kwenye 3000 RPM nikiwa nimeshatembea, mahali pale pale pa barabara, nikaona inapungua kidogo kidogo wiki hadi wiki. Nikachomoa stiki: oili imepanda juu ya alama, na nilikuwa sijaongeza. Nikainusa. Petroli! Injekta moja ilikuwa inavuja, petroli inashuka kwenye sampu na kuifanya oili iwe nyepesi. Tukabadili injekta, tukamwaga oili na filta, presha ikarudi. Fundi mwingine angeuza pampu mpya pale, na tatizo lingebaki.

Mdau wa Mbeya

Mimi yangu ilikuwa ni yale mnayoogopa. WRX kama ya mwanzisha mada. Ilianza kwenye kona ndefu, mshale unadondoka halafu unarudi. Kiwango cha oili kilikuwa sawa. Baadaye sailensi nayo ikaanza kushuka, na geji ya kupimia ikathibitisha. Tukakata filta ya oili, tukaikunjua ile karatasi juani. Ilikuwa inameta kwa vumbi la metali, nyingine rangi ya shaba. Hapo hakuna mjadala, tulifungua. Skrubu za bamba la nyuma la pampu zilikuwa zimelegea, presha inavujia humo, na metal za konrodi zikalika. Bahati krenki ilipona.

Mdau wa Arusha

Wakuu, nimefunga geji ya kupimia leo jioni. Gari ni GC8, yaani Impreza ya miaka ya 90. Baridi bar 5.5. Moto, sailensi 1.2, kwenye 3000 RPM inasoma 3.8. Ile ya dashibodi, ya kufungwa baadaye, wakati huo huo inasema 0.4.

Mwanzisha mada

Injini yako iko salama mkuu. Badilisha sensa, na kama inapata arthi kupitia nyuzi zake usizungushie ile tepu nyeupe, itazuia umeme na utasoma uongo mwingine. Tuletee namba ukishaifunga.