Umewahi kuitwa juri, au kukaa mzee wa baraza? Tupeane uzoefu

Mama wa Shifti ya Usiku (Texas)

Wadau, habari za huko mliko. Naomba tulizungumze hili kwa uwazi, maana naona linatutesa wengi kimya kimya. Wiki iliyopita nimemtembelea binti mmoja wa nyumbani, raia wa Marekani tangu mwaka juzi. Nikakuta barua ya juri kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Aliona neno mahakama akaingiwa na hofu, akaificha hata mumewe asiione. Nikamwambia mdogo wangu, hapa hakuna aliyekushtaki. Unaitwa wewe, pamoja na raia wengine, ukaamue kesi ya mwenzako.

Naanza na ya kwangu. Wale tuliosoma maswali 100 ya uraia tunalikumbuka swali la 49: taja wajibu mmoja ulio wa raia wa Marekani peke yao. Jibu ni kukaa kwenye juri, au kupiga kura katika uchaguzi wa taifa. Mimi nilikariri la juri, nikalijibu, nikaapa, nikalisahau. Haikupita miezi minane, barua hiyo mlangoni.

Nilienda moja kwa moja kutoka kazini, nyumba ya wazee, bado nimevaa viatu vya kazi. Tuliingizwa watu ishirini na kitu, kila mmoja na namba yake kwenye karatasi. Kesi ilikuwa ya mtu kuendesha gari amelewa. Kwa makosa madogo kama hayo, hapa Texas wanahitajika watu sita tu. Makosa makubwa ndiyo wanakaa kumi na wawili. Wakili akawa anapita safu kwa safu akiuliza. Nani hapa hanywi pombe kabisa? Nani amewahi kupoteza ndugu kwa ajali ya mlevi? Kwangu kilichonipa shida si maswali, ni lafudhi. Moyo ulinidunda nikijua nikifungua mdomo wote watageuka. Wakageuka kweli. Nikajibu hivyo hivyo kwamba sinywi, na kwamba mtu akinywa simhesabu mbaya. Nikachaguliwa.

Posho kwa sasa, tangu Septemba 2023, ni dola 20 siku ya kwanza na dola 58 kila siku inayofuata. Zamani siku ya kwanza ilikuwa dola 6, hata maegesho hazitoshi. Kwa sisi tunaolipwa kwa saa bado inauma, sitawadanganya. Mwajiri hawezi kukufukuza kwa sababu umeitwa juri, lakini sehemu nyingi halazimiki kukulipa siku ulizokosa. Na kama una mtoto mdogo na huna wa kumwachia, jaza kwenye fomu, utaruhusiwa. Ila ijaze fomu. Kukaa kimya ndiko kunakoleta matatizo.

Haya, karibuni. Na mliokaa wazee wa baraza nyumbani, wale wanaokaa na jaji kusikiliza kesi, msijitenge, mambo yanakaribiana.

Fundi Bomba, Dallas

Niongeze moja tu. Kuna matapeli wanapiga simu wanasema hukuhudhuria juri, hati ya kukukamata imeshatoka, lipa sasa hivi kwa kadi za zawadi za dukani. Shemeji yangu alibaki kidogo tu alipe dola 900. Mahakama haidai hela kwa simu. Kata.

Bi Mkubwa wa Leicester

Assalaam alaikum. Mimi niko Uingereza na pasipoti yangu ni ya Tanzania mpaka leo. Barua ilipokuja nikadhani wamekosea, nikataka kuwaandikia kwamba mimi si raia wao. Mwanangu akanisomea sheria vizuri. Huku hawatazami uraia kama Marekani. Wanatazama kama jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura, umri kati ya miaka 18 na 75, na uwe umeishi Uingereza miaka mitano au zaidi tangu ulipotimiza 13. Na sisi wa nchi za Jumuiya ya Madola tulio na ukaazi halali tunaandikishwa kupiga kura. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, wote wanaweza kuitwa. Wengi wetu hatulijui hili.

Nilikaa siku kumi za kazi, kesi mbili. Siku ya kula kiapo, mhudumu wa mahakama aliniuliza naapa kwa kitabu gani. Nikasema Qur'ani. Nikaomba kwanza nikatie udhu, akanionyesha bomba bila kununa. Niliporudi akanipa Msahafu umefungwa kwa kitambaa ili yeye mwenyewe asiuguse kwa mkono mtupu. Nilisimama mbele ya watu wale wote na ile baridi ya maji bado mikononi, nikahisi kweli nimebeba amana.

Tuliyoyasema ndani ya chumba siwezi kuyaandika hapa. Huku ni kosa la jinai kuyatoa, hata miaka ishirini ikipita. Mume wangu aliuliza mara mbili, mara ya tatu akaacha. Wanarudisha mshahara uliopotea mpaka pauni 64.95 kwa siku kwa zile siku kumi za mwanzo, na tarehe ukiona inakubana unaruhusiwa kuomba ibadilishwe.

Kijana wa Arizona

Mimi nina grini kadi, uraia bado. Nimepata barua ya juri. Niende tu? Naogopa nisipoenda watanifungulia kesi.

Mama wa Shifti ya Usiku

Kaka, soma hili taratibu. Majina wanayatoa kwenye orodha mbalimbali, mojawapo ni ya leseni za udereva, ndiyo maana hata asiye raia anaitwa. Kwenye fomu kuna swali la uraia. Weka alama kwamba wewe si raia, irudishe, na ubaki na nakala. Usiende ukakaa kama raia. Kujidai raia wakati hujawa ni kosa zito sana kwenye mambo ya uhamiaji, linaweza kukuzibia njia ya uraia moja kwa moja. Kama fomu inakuchanganya, mtafute mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaandika chochote.

Mwalimu Mstaafu, Mwanza

Nawasalimu wanangu. Yenu nimeyasoma yote. Mimi nimekaa mzee wa baraza Mahakama Kuu kwenye vikao vya kesi za mauaji, vipindi kadhaa. Sisi hatukuwa tunaamua kama hao wa juri. Tulikaa na jaji, tukasikiliza mashahidi, mwisho jaji anatufanyia majumuisho ya ushahidi na sheria, kisha kila mmoja anatoa maoni yake. Jaji hafungwi na maoni hayo. Lakini asingeweza kuyaruka. Hukumu ngapi zimetenguliwa na Mahakama ya Rufani kwa sababu wazee wa baraza hawakuelekezwa inavyotakiwa!

Nawapa moja. Bibi kizee aliuawa usiku ndani ya nyumba yake. Mnajua huku kwetu bibi akiwa na macho mekundu kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe, watu wanaanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Mjukuu wake alisema amemtambua muuaji, ni jirani. Mawakili walimuuliza maswali mengi ya ugomvi wa shamba. Ikafika zamu yetu. Mzee wa baraza huulizi kama wakili wa kumbana shahidi, unauliza upate kuelewa. Nikamwuliza, mwanangu, kulikuwa na taa gani? Akasema kibatari. Kilikuwa wapi? Juu ya kinu, kule nyuma ya mlango. Utambi ulikuwa umeuvuta au umeushusha? Akanyamaza. Akasema, tulikuwa tumelala, bibi alikuwa ameushusha kuokoa mafuta ya taa.

Mimi nimesahihisha madaftari kwa kibatari miaka mingi. Najua utambi ukishushwa unaona mwanga wenyewe tu, mtu aliyesimama mlangoni anakuwa kivuli. Kwenye majumuisho jaji alitueleza kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980: ushahidi wa kutambua kwa macho ni dhaifu, lazima mahakama iulize umbali, mwanga, muda, na kama shahidi alimfahamu mtu kabla. Wenzangu wawili, mmoja alisema ana hatia, mmoja akakubaliana na mimi. Jaji alimwachia. Yule kijana aliyeachiwa nilikuwa namwona sokoni, hatukuwahi kusemeshana. Na bibi yule hakuna aliyefungwa kwa ajili yake. Hilo nalo nimelibeba.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 kukaa na wazee wa baraza kwenye kesi hizo si lazima tena. Kenya waliwaondoa mwaka 2007. Wanasema kesi zinakwenda haraka. Sikatai. Ila najiuliza swali la utambi sasa anauliza nani.

Mkenya wa Portland, Maine

Shikamoo Mwalimu. Swali lako la utambi limenikumbusha langu, nami niliweke.

Kesi yetu ilikuwa ya wizi katika nyumba ya kupanga, na mashahidi wawili walikuwa wanazungumza Kiswahili kupitia mkalimani. Wakati wa kuchaguliwa, jaji aliniuliza kama ninajua lugha hiyo. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nitaweza kufuata atakachosema mkalimani, hata mimi nikisikia tofauti. Sikujua uzito wa swali hilo. Baadaye mwanasheria rafiki yangu alinieleza kwamba kuna kesi ya Hernandez dhidi ya New York, mwaka 1991, ambamo Mahakama ya Juu ilikubali watu wanaojua Kihispania waondolewe kwenye juri kwa sababu walisita kujibu swali kama hilo. Sababu ni kwamba wote kumi na wawili lazima waamue kwa ushahidi mmoja. Nikisikiliza yangu na wengine ya mkalimani, tunakuwa tumesikiliza kesi mbili. Mimi niliahidi nitafuata, na nikisikia kasoro nitamwandikia jaji, sitawaambia wenzangu.

Siku ya pili mama mmoja akatoa ushahidi. Akasema: "Nikamwona ameingia, akachukua ufunguo, akatoka." Nyinyi mnaosoma mnajua sentensi hiyo haisemi ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza lazima uchague. Mkalimani akachagua mwanamume, na mshtakiwa wetu alikuwa mwanamume. Wala simlaumu, alikuwa anafanya kazi ngumu kwa kasi. Lakini niliona kalamu za wenzangu zote zinaandika.

Mkono ulinitetemeka. Niliandika kikaratasi, nikampa askari wa mahakama ampelekee jaji. Mawakili wakaitwa pembeni, tukatolewa nje dakika kama ishirini. Tuliporudi, mama aliulizwa upya: huyo aliyechukua ufunguo alikuwa nani? Akashangaa kama vile kila mtu alipaswa kujua. Akasema, si mke wa mwenye nyumba?

Sitaki kusema kesi iliishaje, wahusika ni watu wa jamii yetu na mji wenyewe mdogo. Nasema tu kwamba chumba kizima kile, ukimtoa mkalimani, mwenye masikio ya lugha ile kwenye viti vya juri nilikuwa mimi peke yangu.

Baba wa Bukavu (Louisville)

Nimesoma nikasita kuandika. Haya.

Mimi niko Kentucky. Mji huu una historia yake katika jambo hili. Hapa Louisville mtu mweusi, James Batson, alishtakiwa kwa kuvunja nyumba, na mwendesha mashtaka akawafuta watu weusi wote wanne waliokuwa wanaweza kukaa juri. Akahukumiwa na wazungu watupu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1986 wakasema ni marufuku kumwondoa mtu juri kwa rangi yake. Sikujua haya nilipokaa kiti kile. Nimeambiwa na mzee mweusi Mmarekani tuliyekaa naye bega kwa bega, wakati wa chakula cha mchana. Aliniambia, kiti hicho mtu alikipigania.

Kesi yetu pia ilikuwa ya kuvunja nyumba. Kijana wa miaka ishirini na mbili. Ushahidi ulikuwa wazi, alama za vidole dirishani, mali imekutwa kwake. Chumbani hatukubishana sana. Kwetu nimefundishwa kungoja wakubwa waseme, kwa hiyo niliongea wa mwisho, nikasema nami naona ana hatia. Nikadhani tumemaliza.

Kumbe Kentucky juri ndiyo inataja pia adhabu. Tukarudishwa tena chumbani, tukapewa karatasi: miaka mitano mpaka kumi. Ndugu zangu, kusema mtu amefanya ni jambo moja. Kutaja miaka ni jambo jingine kabisa. Mmoja akasema minane. Mwingine kumi. Mimi nimeishi kambi ya wakimbizi miaka kumi na moja, najua mwaka mmoja una urefu gani ukiwa huwezi kutoka. Safari hii sikungoja wakubwa. Niliwaeleza mwaka wa kwanza ulivyo, na wa tatu, na jinsi mwaka wa tano mtu anavyosahau sauti ya watu wa nyumbani kwake. Kiingereza changu kilivunjika vunjika. Hakuna aliyenikatiza. Saa moja baadaye tuliandika mitano.

Mama yake alikuwa amekaa safu ya tatu, na koti amelikumbatia. Iliposomwa hakulia. Alikunja lile koti vizuri, kama nguo inayorudishwa kabatini.

Hundi ilikuja baada ya wiki chache. Ni dola 12.50 kwa siku, mimi nilikaa siku tatu. Bado iko ndani ya Biblia.

Mama wa Shifti ya Usiku

Baba wa Bukavu, Mwalimu, Bi Mkubwa, nyote, asanteni. Nimemsomea yule binti habari zenu zote kwa simu nikiwa njiani kwenda kazini. Amempigia karani, amepewa tarehe mpya, Jumatatu ya wiki ijayo saa mbili asubuhi. Nikitoka shifti nampitia, nitamsindikiza mpaka mlangoni wanapokagua mikoba, kwa sababu hapo ndipo mimi niliishiwa nguvu. Mwingine mwenye la kwake aendelee.