Tupeane uzoefu: rafiki wa sekondari ambaye hakuna aliyedhani mngeivana

Mtoto wa Pongwe:
Wakuu, jana usiku nimeanza ile manga (kitabu cha katuni cha Kijapani) ya Komi, binti wa sekondari asiyeweza kuongea na watu, ya Tomohito Oda. Anime yake, yaani ile ya video, niliiona Netflix tangu 2021, kitabu ndiyo kwanza nakishika. Nimefika pale Komi na mwanafunzi mwenzake Tadano wamebaki darasani peke yao, neno halimtoki binti, anachukua chaki, na maongezi yote yanakwenda ubaoni mpaka ubao unajaa. Nikashindwa kuendelea.

Maana mimi nilikuwa naye mtu kama huyo. Kidato cha kwanza, mimi kitanda cha juu yeye cha chini, wiki tatu hajafungua mdomo. Bweni zima likambandika jina Bubu, wengine wakasema anaringa. Mimi sasa, jina langu haliondoki kwenye karatasi ya wapiga kelele. Usiku mmoja wa prepu nakuta kikaratasi ndani ya daftari la hesabu: "Swali la 4 umesahau alama ya kutoa." Nikaandika nyuma yake: "Asante. Una chumvi?" Ikawa hivyo, vikaratasi kwenda na kurudi, muhula mzima.

Kumbe ana kigugumizi kikali. Shule ya msingi walimcheka mpaka akaapa haongei tena mbele za watu. Siku aliyoniita jina kwa sauti tulikuwa foleni ya maji, ndoo mkononi, na lilichukua muda mpaka watu wawili wakatupita. Sikumtamkia. Mpaka leo nashukuru Mungu sikumtamkia.

Leteni zenu.

Kaka wa Bweni:
Foleni ya maji! Umenirudisha mbali dada yangu.

Mwana Kisauni:
Mimi nilisoma shule ya kutwa hapa Mombasa. Rafiki yangu alikuwa mchezaji mpira, darasani haonekani. Alikuja kwangu kwa sababu ya insha tu. Nikamfundisha insha, akanifundisha kuogelea ufuoni Pirates. Wazazi wetu walikuwa hawaamkiani kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja, sisi tukawa tunakutana nyuma ya msikiti.

Msomaji Sugu:
Mada nzuri ila hiyo manga msiisifu mno. Yule Yamai, binti wa darasani kwao, anamteka Tadano, anamfunga kamba chumbani, halafu tunatakiwa tucheke? Niliishia hapo.

Mtoto wa Pongwe:
Hapo kwa Yamai nakubaliana nawe kabisa. Ila Komi mwenyewe hachekwi. Kichekesho ni darasa zima kuona kimya chake ni enzi na utukufu, wakati yeye ndani anatetemeka. Anataka marafiki 100 na hawezi kusema "habari za asubuhi". Bweni letu lilifanya vilevile, tofauti wao walimtukuza, sisi tulimtukana.

Kaka wa Bweni:
Zile kurasa mnasomaje? Mimi ya kwanza niliisoma kinyumenyume mpaka sura ya tatu.

Mtoto wa Pongwe:
Kulia kwenda kushoto. Babu yangu wa madrasa nilimpa kitabu akakifungua upande sahihi kabla sijamwelekeza.

Mzee wa Dabodeka:
Sikutaka kuandika, ila mmenigusa.

Tulikuwa naye mbabe mmoja, kidato cha tatu, tukimwita Jemedari. Wiki yangu ya kwanza alifungua tranka langu, akala karanga zote mama alizonikaangia, akanirudishia mfuko mtupu umekunjwa vizuri. Nilimchukia.

Muhula wa pili, usiku wa manane, tumbo linanikata upande wa kulia. Patroni hayupo. Mlinzi anasema geti halifunguliwi bila kibali. Wenzangu wamenizunguka wanalia. Jemedari akaamka, akaniangalia, akatoka. Dakika chache anarudi na toroli la shambani, bado lina udongo. Akatandika blanketi lake, akanipakia, akapita upenyo wa uzio nyuma ya jiko. Kilomita nne mpaka hospitali, giza tupu, tochi kaing'ata kwa meno. Kila tuta nikipiga kelele anasema "bado kidogo dogo, bado kidogo". Kidole tumbo. Nilipasuliwa alfajiri ileile.

Nilipozinduka yuko kwenye benchi, viganja vimechubuka. Shule ikamsimamisha wiki mbili kwa kutoroka! Baba yangu alipanda basi kwenda kumtetea, haikusaidia. Aliporudi alikuja na sado ya karanga kutoka kwao, akaiweka juu ya tranka langu, akaenda kulala.

Muuguzi Mama Wawili:
Kila tuta kuumia hivyo ndiyo dalili yenyewe ya kidole tumbo. Wasomaji wenye watoto bweni, maumivu ya kulia chini hayasubiri kibali cha mtu. Mungu ambariki huyo kijana.

Msomaji Sugu:
Mlinzi huyo alipaswa kushtakiwa.

Mwana Kisauni:
Mlinzi angefungua angefukuzwa kazi asubuhi, na ana watoto. Laumu waliomwachia ufunguo bila mtu wa kumpigia simu.

Msomaji Sugu:
Mtoto anakufa wewe unawaza ajira?

Kaka wa Bweni:
Yuko wapi Jemedari sasa?

Mzee wa Dabodeka:
Anaendesha basi la mikoani. Ndiye alinisimamia harusi.

Mama Chora:
Naomba ushauri hapahapa. Mwanangu yuko kidato cha pili, mkimya, kazi yake kuchora. Rafiki yake pekee ni mtoto wa mama ntilie wa stendi, anapiga miluzi tangu kona ya barabara, sare haina kifungo. Baba wa mwanangu anataka niwatenganishe.

Kaka wa Bweni:
Mhamishe shule mapema, utanishukuru.

Mtoto wa Pongwe:
Usithubutu! Unajua imemchukua siku ngapi kumpata huyo mmoja?

Mwana Kisauni:
Mpikie pilau. Mtu humjua mezani.

Muuguzi Mama Wawili:
Waache, ila zungumza na mama yake. Na hicho kifungo mshonee, mama.

Mama Chora:
Nasikia mluzi getini. Kaja na daftari lililochorwa, ananionyesha yeye mwenyewe kachorwa na mwanangu, kifungo kipo. Ngoja nitafute sindano.