Mjadala: Miaka miwili chini ya paa moja, tayari ni ndoa?

Dada wa Kiboriloni: Wapendwa, mdogo wangu kaishi na mwanaume miaka sita, bila ndoa ya kanisani wala ya bomani. Wana mtoto. Juzi kaambiwa, "Wewe si mke wangu, beba nguo zako." Mtaa mzima unamjua kama mke wa pale, hata kwenye misiba wanamtaja hivyo. Nasikia kuna dhana ya ndoa. Je, ni haki sheria imhesabu mke?

Mzee wa Marangu: Si haki. Siku hizi mkikaa miezi sita tu, serikali imeshawaozesha! Ndoa ni mahari na wazee kukaa. Huyo alipika na kufua tu, nyumba kajenga nani?

Kijana wa Njoro: Shikamoo mzee. Ni miaka miwili, si miezi sita. Kifungu cha 160, Sheria ya Ndoa ya 1971. Tena kukaa pamoja hakutoshi, lazima watu wawe wanawatambua kama mume na mke. Dhana maana yake mahakama inaanza kwa kuamini mlioana. Anayekataa ndiye alete ushahidi. Akionyesha, mathalani, kwamba tayari alikuwa na ndoa ya kanisani na mwingine, dhana inaanguka.

Mama wa Mbuyuni: Mimi nimekwama kwenye "alipika na kufua tu". Tu?! Saa kumi alfajiri niko na panga nakata majani ya ng'ombe, mtoto mgongoni, wewe umelala. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Imeisha hiyo.

Mzee wa Marangu: Na huyo Bi Hawa alipata nyumba? Hakupata! Kihamba changu, shamba la ukoo, nimeachiwa na baba, naye kaachiwa na babu. Leo kikatwe nusu?

Kijana wa Njoro: Hakupata kwa sababu ilionekana alishatumia fedha alizopewa na mumewe. Kanuni yenyewe ilibaki. Na kihamba cha urithi hakigawanywi, labda kama mwenzako alikiendeleza kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa.

Mama wa Mbuyuni: Ahaa! Migomba hiyo samadi aliibeba nani? Kahawa alichuma nani?

Mzee wa Marangu: Mama, usiniingilie ukoo. Masale, ile mimea ya mpaka wa kihamba, yalipandwa hujazaliwa.

Mkazi wa Sakina, Arusha: Mzee wangu, sale hilohilo ndilo Wachaga wanapeleka kuomba msamaha. Mpelekee mama.

Dada wa Kiboriloni: Jamani, mdogo wangu yuko sebuleni kwangu, mtoto kalala kwenye kochi. Aanzie wapi?

Kijana wa Njoro: Baraza la usuluhishi la kata, dada. Aende na majirani wawili watatu waliowaona wakiishi pale.

Mama wa Mbuyuni: Mzee, la samadi hujanijibu.