Je, tumzungumzishe mtoto Kiingereza nyumbani ilhali chetu chenyewe kinachechemea?

MamaWawili, Morogoro

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu binti yangu wa miaka saba, aliye darasa la pili katika shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Mwezi uliopita tulikuta barua imebandikwa kwenye daftari lake la mawasiliano, ikitutaka wazazi tuzungumze Kiingereza kizuri nyumbani wakati wote ili tuwe mfano kwa watoto, kisha tutie saini kwamba tumekubali. Tangu siku hiyo mume wangu amepiga marufuku Kiswahili mezani, na matokeo yake chakula cha jioni kimekuwa cha kimya kama cha matanga. Mimi niliishia kidato cha nne. Yeye ni fundi umeme, anasoma maelekezo ya mashine kwa Kiingereza bila taabu, lakini hana mazoea ya kukisema.

Juzi mtoto alirudi amelowa mvua, akaniambia, "Mummy, I am hearing cold." Nikamjibu, "Sorry, wear sweater." Usiku nilipolala ndipo nilipojiuliza huko kusikia baridi kwa Kiingereza amekutoa wapi kama si kwetu. Mama mkwe wangu naye, tunayeishi naye, anaitwa "he" kutwa nzima. Je, tuendelee hivi hivi tukitumaini kwamba shule itanyoosha, au tunamharibu? Na dada anayetusaidia kazi, ambaye ndiye hukaa na mtoto muda mrefu kuliko sisi sote, hajui Kiingereza kabisa. Naye tumweleze nini?

Mwl_Mstaafu, Tanga

Mama Wawili, nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 31, na kosa hilo la kusikia baridi nimelisahihisha mara nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Usilionee haya. Hicho ni Kiswahili kilichovaa koti la Kiingereza: sisi husikia baridi, husikia njaa na husikia usingizi kwa kitenzi kile kile tunachosikia nacho adhana, ilhali Mwingereza husema tu kwamba yeye "ni" baridi au "ni" njaa. Hali kadhalika huyo bibi anayegeuzwa mwanamume. Kiambishi chetu "a-" hakijali kama anayekuja ni mjomba au shangazi, kwa hiyo mtoto anayefikiri kwa Kiswahili hana sababu ya kukumbuka kutofautisha, mpaka asikie watu wazima wakitofautisha kila siku mbele yake.

Hapo ndipo mfano wa mtu mzima una kazi. Mtoto akisema "I am hearing cold", usimkatize kwa "wrong", wala usimlazimishe kurudia kama kasuku. Mrudishie sentensi yake ikiwa imenyooka, katika mazungumzo yale yale: "You are cold? Come, put on your sweater." Utaona nimeandika "put on", kwa sababu "wear" ni kuwa na vazi mwilini tayari, na kitendo cha kulivaa kina maneno yake. Akisema bibi "he is sleeping", wewe jibu, "Yes, she is sleeping, she is tired." Jambo lenyewe ndilo mnalozungumza, na sarufi inapita humo humo bila kelele. Nimeona watoto wakijirekebisha baada ya wiki chache za namna hii, na nimeona wengine wakifunga midomo mwaka mzima kwa sababu ya kuchekwa mara moja.

Kuhusu matamshi, watu hukosea kudhani kwamba Kiingereza kizuri ni kile kinachotokea puani kama cha filamu za Marekani. La hasha. Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo masikio yetu huona "ship" na "sheep" ni neno moja, na hapo ndipo pa kutulia na mtoto. Kwa upande mwingine, sauti zinazowasumbua Wafaransa na Wajerumani sisi tulishapewa bure: anayetamka vizuri thamani na dhahabu ameshamaliza kazi ya "think" na "this".

Sasa neno gumu kidogo. Sentensi usiyoiweza kwa Kiingereza iseme kwa Kiswahili, nzima, kuliko kumpa mtoto nusu ya lugha mbili. Chagueni kipindi kifupi, kwa mfano baada ya kuoga, msome kitabu chepesi kwa sauti. Kitabu hakikosei "he" na "she", nawe unajifunza pamoja naye.

BabaNyakato, Mwanza

Shikamoo Mwalimu. Naheshimu uzoefu wako, lakini mimi sikubaliani hata na hicho kipindi kifupi. Ada nalipa shuleni ili Kiingereza kifundishwe huko. Nyumbani ni kwa lugha za nyumbani. Mwanangu wa kwanza tulimzungumzisha Kiingereza tangu akiwa anatambaa, na alipofika miaka sita tukampeleka likizo kwa bibi yake Sengerema. Bibi alimwita aje kula, naye akajibu "I'm not coming" huku akicheza. Mama yangu hakuelewa maneno, lakini sauti aliielewa. Alirudisha chakula jikoni na hakusema neno mpaka tulipoondoka.

Hofu ya wazazi naielewa. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967, kisha mtoto akiingia kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza kwa mkupuo. Mimi mwenyewe nilipitia hapo: mwalimu wa baiolojia alitueleza usanisinuru kwa Kiswahili kitamu mpaka kila mtu akaelewa, halafu akageuka ubaoni na kuandika nukuu za Kiingereza tulizozikariri bila kuzielewa. Ila kilichonivusha ni kwamba nilikuwa na Kiswahili imara cha kuegemea. Msimnyang'anye binti yenu egemeo hilo kwa sababu ya barua.

Mwanaisimu, Zanzibar

Ndugu BabaNyakato, kisa cha bibi kimenigusa, ila nadhani kilichokosekana pale ni adabu na Kiswahili, si kwamba Kiingereza kilizidi. Lugha mbili hukaa katika mtoto mmoja bila kugombana, mradi kila moja ina mtu wake. Mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat, ambaye mkewe alikuwa Mjerumani, alichapisha mwaka 1913 maelezo ya namna mtoto wao alivyokuzwa kwa kanuni hiyo: baba Kifaransa, mama Kijerumani. Walakini kila mzazi alisema lugha aliyoimiliki, na hilo wanaobandika barua kwenye madaftari hulisahau.

Kwa wanaotegemea katuni, mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha utafiti juu ya watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa waliowekewa vipindi 12 vya Kimandarini. Waliochezewa na msemaji wa lugha hiyo ana kwa ana walijifunza kutofautisha sauti zake; waliopata maneno hayo hayo kupitia runinga au sauti iliyorekodiwa hawakufaidika. Bila shaka mtoto wa miaka saba si mchanga, na katuni humwongezea msamiati, lakini runinga haimjibu wala haimrudishii sentensi iliyonyooka kama Mwalimu alivyoeleza.

Kwa hiyo, Mama Wawili, mwache mumeo awe mfano pale alipo na maneno. Fundi umeme ana Kiingereza cha nyaya, fyuzi, moto na hatari, tena ni Kiingereza sahihi. Hicho azungumze na binti yake akiwa kazini naye. Dada mwacheni na hadithi zake za Kiswahili, na mumshukuru, kwa maana mtoto anayejua kusimulia kwa lugha moja huhamisha ustadi huo kwenda nyingine.

MamaWawili, Morogoro

Ahsanteni sana. Marufuku ya mezani imeondolewa tangu juzi, na mama mkwe amerudia kutusimulia ya zamani wakati wa kula. Jana umeme ulikatika kwetu peke yetu, mume wangu akamshikisha binti tochi huku akifungua boksi la fyuzi: "Hold it higher. Now lower. Look, this one is burnt." Mtoto akauliza, "Why it is burnt?" Baba akamrudishia, "Why is it burnt? Because..." akakwama, akamalizia kwa Kiswahili, na wakacheka wote wawili gizani.

Barua ya shule bado inasubiri saini. Nimepanga kuandika pembeni yake kwamba nusu saa kila jioni ndiyo tunayoiweza, na kwamba bibi na dada hawahusiki.