Hivi 1870 ya Mississippi itatumika kutufunga midomo mpaka lini?

Wakuu, salamu. Mods, naomba msiunganishe uzi huu na ule wa uchaguzi wa Marekani, hii ni mada inayojitegemea.

Nimetolewa kwenye kundi la WhatsApp la watu niliosoma nao sekondari. Sijatukana mtu. Kosa langu ni kubishana na jamaa yetu mmoja ambaye yuko Marekani mwaka wa kumi sasa, na kila mjadala wa siasa lazima aufunge yeye. Juzi tulikuwa tunaongelea nani hasa anamsemea mwananchi bungeni, akaja na lake: Mississippi, jimbo mnalolisema la wabaguzi, lilipeleka mtu mweusi Seneti mwaka 1870, babu zenu walikuwa wapi? Watu wakammiminia vikopa na makofi. Nikaandika jibu refu, admin akasema nachafua hali ya hewa, kufumba na kufumbua niko nje. Sawa. Nimelileta hapa lote, pamoja na hasira zangu.

Mimi nafundisha historia. Kinachoniuma si kwamba jamaa kadanganya. Hajadanganya, na hapo ndipo penye ubaya.

Ni kweli, Hiram Revels, mchungaji mzaliwa wa North Carolina, aliapishwa kuwa seneta wa Mississippi tarehe 25 Februari 1870, siku mbili tu baada ya jimbo hilo kurudishwa bungeni. Lilijitoa kwenye muungano wa Marekani 1861 likaingia vitani kutetea utumwa. Maseneta 48 walimkubali, 8 wakamkataa. Waliompinga walidai katiba inataka seneta awe raia kwa miaka 9, na Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 1857 kwamba mtu mweusi si raia, kwa hiyo uraia wa Revels eti ulikuwa bado mchanga. Mtu kazaliwa palepale! Hilo jamaa hakuliandika. Wala hakuandika kwamba Revels alikuwa anamalizia muhula wa mwingine, akakaa mwaka mmoja na siku chache, basi.

Akafuata Blanche Bruce, aliyezaliwa mtumwa, akaingia Seneti Machi 1875. Desturi ni kwamba seneta mwenzako wa jimbo anakushika mkono mnatembea hadi mbele ukaape. Mwenzake, Alcorn, alibaki kwenye kiti chake. Ikabidi seneta wa New York, Roscoe Conkling, ainuke amsindikize. Bruce alimaliza miaka 6 yote, akatoka 1881. Baada yake, upande wa Seneti, Mississippi haijapeleka mtu mweusi mwingine. Hao wawili wote walichaguliwa na bunge la jimbo, maana wakati huo wananchi hawakuwa wakiwapigia kura maseneta. Tangu kura iende kwa wananchi mwaka 1913, hakuna.

Sasa njooni kwenye hesabu, maana hapo ndipo nilipokuwa nimefika nilipotolewa.

Mwaka 1860 Mississippi ilikuwa na watu 791,305. Kati yao, 436,631 walikuwa watumwa. Viti vya Baraza la Wawakilishi, lile baraza lingine la Bunge lao mbali na Seneti, vinagawanywa kwa idadi ya watu kwenye sensa, na katiba yao ilisema watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Kwa hiyo mwenye shamba aliyemnunua mtu sokoni alipata pamba yake, na juu ya hapo akapata uzito bungeni kwa kichwa cha mtu huyohuyo. Vita ikaja, utumwa ukafa, hesabu ya watatu kwa watano ikafa nao. Kila mtu akahesabiwa mzima. Haki, si ndiyo? Subirini. Maana yake ni kwamba majimbo yaliyoasi na kushindwa yangerudi bungeni yakiwa na nguvu kuliko yalivyoondoka, ilimradi yaweze kuwahesabu watu weusi na kuwanyima kura kwa wakati mmoja.

Hata huko Washington waliliona hilo. Ndiyo maana Marekebisho ya 14 ya katiba yao, ya mwaka 1868, yana kifungu cha 2 kinachosema jimbo likiwanyima raia wanaume wenye miaka 21 haki ya kupiga kura, lipunguziwe viti kwa kiwango hichohicho. Kimeandikwa wazi. Hakijawahi kutumika kulipunguzia jimbo lolote hata kiti kimoja. Na ninyi mnanisomea 1870!

Mississippi ilifanya nini? Uchaguzi wa mwaka 1875 weupe walitumia bunduki kuwatisha weusi. Kwenye kaunti ya Yazoo, yenye weusi wengi, chama cha Republican ambacho weusi walikipigia kura kilitoka na kura saba. Saba, wakuu, hazijazi hata meza moja ya harusi. Gavana aliomba askari wa serikali kuu, hawakuja. Kisha wakachora upya mipaka, wakatengeneza eneo la uchaguzi jembamba kama kamba ya kiatu, limefuata mto Mississippi kutoka juu ya jimbo hadi chini, wakawalundika weusi humo ili maeneo mengine yote yabaki salama kwa weupe. Aliyegombea kwenye kamba hiyo mwaka 1876 ni John R. Lynch, naye aliyezaliwa mtumwa, ambaye alishakuwa spika wa bunge la jimbo akiwa na miaka ishirini na ushei na alikuwa tayari mjumbe wa Baraza. Akapoteza kiti. Mwaka 1880 akaporwa tena, akapeleka shauri bungeni, akaapishwa Aprili 1882 muhula ukiwa ukingoni. Machi 1883 akaondoka.

Halafu 1890 wakaandika katiba mpya ya jimbo. Weusi walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote wa Mississippi, lakini kwenye kikao kile mjumbe mweusi alikuwa mmoja. Wakaweka kodi ya kichwa ya dola 2 kwa mwaka, na uonyeshe stakabadhi za miaka miwili ndipo upige kura. Nikifika hapa darasani huwa nasimama kidogo. Vijana wetu wanaijua kodi ya kichwa ya mkoloni, babu zao walikuwa wakikimbilia porini wakimwona mtoza kodi. Kwetu ulilipa kwa sababu una kichwa. Mississippi ulilipa ili kichwa chako kiruhusiwe kuchagua. Na ukishalipa, karani anakusomea kifungu cha katiba, ukieleze maana yake. Aliyeamua kama umeeleza sawa ni karani huyohuyo.

Kisha kuanzia 1903 hadi 1933 jimbo likawa na viti 8 kwenye Baraza, vingi kuliko wakati wowote katika historia yake. Vimepatikana kwa sensa ambayo watu weusi ndio wengi. Waliokalia ni weupe watupu. Hapo ndipo nilipoandika kwa herufi kubwa kule kundini, labda ndipo admin alipokasirika.

Wakishaingia hawatoki, maana nani atawatoa? James Eastland, mwenye shamba la pamba kaunti ya Sunflower, alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Sheria ya Seneti kuanzia 1956 hadi 1978. Miswada ya haki za raia ilitakiwa ipite mezani kwake. Jamie Whitten alikaa Baraza la Wawakilishi tangu 1941 hadi 1995. Ukongwe bungeni ndio ulikuwa unagawa vyeo, na wao ukongwe waliupata kwa kuwafungia nje wapiga kura.

Kaunti hiyohiyo ya Sunflower aliishi mama mmoja anaitwa Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba. Agosti 1962 alipanda basi na wenzake hadi mji wa Indianola kujiandikisha kupiga kura. Alikataliwa, na siku hiyohiyo akafukuzwa shambani alikoishi kwa miaka mingi. Juni mwaka uliofuata alikamatwa mji wa Winona, akapigwa mahabusu hadi akabaki na maumivu maisha yake yote. Huyo ndiye mwananchi aliyewakilishwa na Eastland, kwenye makaratasi.

Januari 1965 mama Hamer, Annie Devine na Victoria Gray wakaenda Washington na hoja rahisi: wajumbe watano wa Mississippi wasiapishwe, kwa sababu waliochaguliwa pasipo kura ya weusi si wawakilishi wa jimbo. Wakati huo, kwa kila watu weusi 100 waliostahili kupiga kura Mississippi, walioandikishwa hawakufika hata 7. Baraza likapiga kura: 276 waapishwe, 149 wasiapishwe. Septemba shauri likatupwa moja kwa moja, 228 kwa 143. Hapo Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ina wiki sita tu tangu isainiwe! Yaani Bunge limeshakiri kwa sheria yake kwamba watu wananyimwa kura, halafu linawaambia walionyimwa, hao jamaa wabaki palepale.

Uandikishaji ukapanda haraka. Mississippi nayo ikatoa kalamu ya ramani. Mwaka 1966 bunge la jimbo lilikatakata eneo la Delta, lenye weusi wengi, likaligawa kwenye maeneo kadhaa ya uchaguzi ili wasifike wingi popote. Ilihitaji kesi juu ya kesi hadi miaka ya 1980. Mike Espy, mtu mweusi, aliingia Baraza la Wawakilishi Januari 1987. Toka Lynch hadi Espy, hesabuni wenyewe. Espy huyohuyo aligombea Seneti 2018 na tena 2020, akashindwa mara zote mbili.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Marekani, najua unasoma humu hata kama unajificha: nitajie jina la mwakilishi mweusi wa Mississippi kwenye Bunge la Washington kati ya Machi 1883 na Januari 1987. Sitaki 1870, hiyo nimeshaandika mimi.

Na wewe admin, mchango wangu wa harusi ya mwezi ujao, elfu hamsini, uko kwenye simu yako. Unirudishe kundini au uirudishe hela.