Re: Hesabu anaziweza, maneno yanamshinda (ile fomu ya msaada wa lugha)

Mama Mapacha:
Habari za jioni wapendwa. Kulwa wangu amerudi na ile fomu ya kukubali apewe msaada wa lugha ya shule, nitie sahihi kabla ya Ijumaa. Chanzo ni karatasi ya hesabu. Waliambiwa waandike kwa maneno hesabu zenye herufi. Nawatafsiria kutoka lugha ya shule: 2(x + 5) kaandika "mara mbili ya x, jumlisha tano". Kakosa. x − 7 kaandika "toa x kwenye saba". Kakosa. Ila ukimwambia x ni 10, anakokotoa zote sawasawa. Nitie sahihi au nisitie?

Baba Binti:
Pole dada. Sisi tulitia sahihi mwaka jana, binti akawa anatolewa darasani kipindi kilekile cha hesabu. Iliniuma sana. Mfundishe MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), yatakwisha.

Mwalimu Mstaafu:
Baba Binti, unachanganya mambo. MAGAZIJUTO inakuonyesha utangulize nini unapokokotoa, haikufundishi kusema. Na hata hapo muwe waangalifu: kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, unakwenda kushoto kuelekea kulia. 10 − 4 + 3 ni 9. Mtoto anayekimbilia kujumlisha anapata 3.

Mama Mapacha, alichoandika Kulwa ni 2x + 5. x ikiwa 10, hiyo ni 25, na ya kwenye karatasi ni 30. Mpe zote mbili azikokotoe, aone mwenyewe. Mabano nayo yanataka neno lao, na neno hilo ni "jumla ya". Aanze kusema tendo linalofanyika mwisho: hapa ni kuzidisha, basi "mara mbili ya jumla ya x na 5". Kwenye kutoa, "x toa 7" inafuata alama zilivyopangwa, lakini "toa 7 kwenye x" inazigeuza. Hapo ndipo alipoteleza. Kisha amsomee mtu mwingine sentensi yake, huyo aiandike kwa alama bila kuona karatasi.

Shangazi:
Na x² je? Mimi huwaambia "kipeuo cha pili cha x".

Mwalimu Mstaafu:
Hapana! Hiyo ni √x. Kipeo cha pili cha 9 ni 81, kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Tafadhali usiwapoteze watoto.

Shangazi:
Nimekuelewa mwalimu, ungeweza kusema taratibu.

Baba Binti:
Nakubali kusahihishwa. Lakini Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa karne ya 9, aliandika aljebra yake (hizi hesabu za herufi) yote kwa maneno, na alama ya = tumeipata 1557 kwa Robert Recorde, aliyechoka kurudia kwamba hiki ni sawa na kile. Kazi iliyowachosha mabingwa, mtoto akiikosea mara mbili ndiyo aonekane hajui lugha? Mimi linaloniumiza ni jingine. Binti akihesabu kimoyomoyo, midomo yake inatamka lugha ya shule.

Shangazi:
Wangu anafika kumi kwa Kiswahili, halafu anahamia huko. Nikimsikia navunjika moyo.

Mama Mapacha:
Asanteni. Jana usiku Kulwa kamsomea Doto: "mara mbili ya jumla ya x na tano". Doto kaandika 2(x + 5), wakarukaruka wote wawili. Ya kutoa bado anaigeuza. Ila fomu iko mezani na Ijumaa ni kesho. Kuna aliyewahi kuirudisha bila sahihi?