Siku moja Bagamoyo na Kaole na familia: kampuni ya utalii au mwongozaji wa hukohuko?

Binti_Kimara:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri maana humu najua kuna watu wametembea. Mwezi wa saba wadogo zangu wanakuja Dar kutoka Mwanza na watoto wao, mkubwa yuko darasa la sita na mdogo ana miaka mitano, na mama mzazi atakuwepo pia, magoti yanamsumbua ila kutembea anatembea mradi asiharakishwe. Nataka Jumamosi moja niwapeleke Bagamoyo waone magofu ya Kaole, mji wa zamani na kule misheni ya Wakatoliki, maana yule wa darasa la sita anasoma habari za misafara na ukoloni shuleni na anauliza maswali mpaka mimi mwenyewe nakosa jibu.

Sasa kuna kampuni moja imenipa bei ya gari, dereva, mwongozaji, chakula na viingilio vyote, kutoka asubuhi mpaka jioni. Bei si ndogo kwa watu wote hao. Mume wangu anasema tuchukue gari letu twende wenyewe tukakodi mwongozaji palepale. Mwingine kazini kaniambia achana na Bagamoyo nenda Kilwa ndio kuna magofu ya kweli. Je siku moja inatosha? Na nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

mzee_wa_mapinga:
Nenda na gari lenu dada. Kutoka Mwenge mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 60 na kitu, lami tupu, unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo umefika. Shida ni foleni ya kutoka mjini tu, kwa hiyo mkiondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi mnafika bado jua halijawa kali. Hata asiye na gari anapanda basi pale Makumbusho anashuka stendi Bagamoyo, halafu bajaji inampeleka Kaole. Bebeni vitambulisho vya taifa vya NIDA, mzawa halipi sawa na mgeni, na ukilipa kiingilio chukua risiti.

Mwl_Historia_Pwani:
Binti Kimara swali lako zuri sana, na huyo mtoto wa darasa la sita nimempenda bure. Ngoja nikujibu kwa kirefu maana hili jambo liko moyoni mwangu, wanafunzi wangu nawapeleka kule kila nikipata nafasi.

Usianzie mjini. Watu wengi wanafika mjini kwanza, wanapiga picha Ngome Kongwe, wanakula, halafu saa nane mchana jua la utosi ndio wanakumbuka Kaole, wanafika wamechoka wanakaa dakika ishirini wanaondoka. Anzia Kaole asubuhi. Iko kusini ya mji, kama kilomita tano hivi, na ndiyo iliyotangulia, Bagamoyo imekuja nyuma sana. Kaole ilikuwa mji wa Waswahili tangu karne ya 13, ina misikiti miwili na makaburi mengi, yote yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa hukohuko pwani. Msikiti wa zamani kibla yake bado unaiona, na kisima chao cha maji kipo. Makaburi mengine yana nguzo ndefu za mawe juu yake, huo ni ujenzi wa pwani yetu hii, kuanzia huko Somalia kushuka mpaka kwetu, na kwenye nguzo walikuwa wanapachika vibakuli vya kaure kutoka China. Leo unaona mashimo yake tu, ila ndani ya kile kijumba cha makumbusho pale mlangoni kuna vyombo vya zamani vilivyopatikana hapo. Mwambie mtoto aviangalie vizuri: chombo kimefinyangwa China kimevuka bahari yote ile kikaja kuwekwa kwenye kaburi la mtu wa Kaole, miaka mingi kabla Mreno hajaonekana huku. Kwenye vitabu vyetu hapo panapitwa na aya moja halafu tunarukia ukoloni. Inaniuma kweli, ndio maana nawapeleka watoto wakaone kwa macho.

Na umuulize mwongozaji bahari iko wapi. Mji wa biashara halafu mbele yake ni mikoko tu! Bandari ilijaa mchanga na matope, mikoko ikaota, majahazi yakashindwa kusogea, na kadiri miaka ilivyokwenda maisha yakahamia Bagamoyo. Bibi kwenye karne ya 15 akisimama mlango wa msikiti alikuwa anaona matanga.

Kuhusu kampuni au kujitegemea: mwongozaji ni lazima, ila wa palepale. Yule wa kutoka Dar anaweza kuwa dereva mzuri sana na mstaarabu, lakini aliyezaliwa Kaole au Bagamoyo anakuambia bibi yake alikuwa anaenda kaburi la Sharifa kuomba dua, na mpaka leo watu wanaenda, utakuta ubani na sarafu. Hayo huyapati kwa mtu aliyesoma karatasi kwenye gari. Patana naye bei kabla hamjaanza, na mwambie mapema kuna mtu mzima mwenye magoti ili apange mwendo.

mpenda_kusi:
Aliyekuambia Kilwa hajakosea kuhusu magofu, Kilwa Kisiwani ni habari nyingine kabisa. Msikiti Mkuu una nguzo na makuba, Husuni Kubwa ni jumba la sultani liko juu ya mwamba linaangalia bahari, yule msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita pale 1331 akausifu mji. Urithi wa dunia tangu 1981. Lakini sio safari ya siku moja kutoka Dar jamani!! Ni kama kilomita 300 kwenda tu, halafu unafika Kilwa Masoko, unachukua kibali na mwongozaji pale ofisini, ndio unapanda boti kuvuka. Na ukitaka Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ni boti tena mbali zaidi. Na mama mwenye magoti kupanda na kushuka kwenye boti si mchezo. Kilwa iwekee siku zake, lala pale usiku miwili. Jumamosi moja na watoto ni Bagamoyo tu.

nahodha_mstaafu:
Naunga mkono Bagamoyo. Ila nataka niongeze, mwambie mwongozaji akueleze kwa undani habari za watumwa maana Bagamoyo ndio ilikuwa soko kuu la watumwa Afrika Mashariki, watoto lazima wajue.

Mwl_Historia_Pwani:
Nahodha heshima yako mzee wangu, ila hapo naomba tuelewane vizuri maana ndipo waongozaji wengi wanapokosea na watoto wanarudi na picha isiyo kamili. Soko kuu lilikuwa Unguja, lilifungwa 1873. Na bandari ya bara iliyopitisha watumwa wengi zaidi ni Kilwa Kivinje, waliokuwa wanatolewa upande wa Ziwa Nyasa. Bagamoyo watumwa walipita, hilo halina ubishi, na wapo waliouzwa na waliotumikishwa mashambani hapohapo. Lakini biashara iliyoukuza mji ni pembe za ndovu, na walioibeba wengi wao walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru, wanalipwa ujira, wanatoka Tabora kwa miguu mpaka pwani halafu wanarudi na nguo na shanga. Msimu wa misafara ukifika mji unajaa maelfu ya wapagazi.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ukimwambia mtoto kila mtu mweusi aliyetembea njia ile alikuwa na mnyororo shingoni unamnyang'anya habari ya hao watu wa bara waliokuwa wafanyabiashara na wasafiri wakubwa kwa haki yao. Na hao waliofungwa minyororo kweli nao wanastahili waelezwe kwa ukweli wao, bila kuongezewa chumvi. Pale Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara mjini Bagamoyo, ndio mahali pa kuuliza haya. Mwongozaji mzuri hatachukia swali.

bint_mwambao:
Mimi nimezaliwa Bagamoyo, karibuni sana 😊 Naongezea kwa upande wa wanawake na wazee.

Kaole hakuna kivuli kikubwa zaidi ya ule mbuyu, chukua mwamvuli na maji kwa ajili ya mama. Njia ni tambarare, nyasi na mchanga, hakuna kupanda ngazi, atamudu. Watoto waambieni mapema wasipande juu ya makaburi wala kuta, na wewe kuwa na mtandio begani. Kuhusu ule mbuyu mtaambiwa ukiuzunguka unaongeza umri, uzungukeni tu, watoto wanapenda.

Mkitoka Kaole nendeni mjini, mtembee Mtaa wa India taratibu muone milango ya nakshi na nyumba za ghorofa za zamani, nyingine zimebaki kuta. Boma la Wajerumani, Ngome Kongwe, na kule ufukweni kuna mnara pale Wajerumani walipowanyonga watu wetu waliopigana nao kwenye vita vya Abushiri vya kupinga utawala wao 1889. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani. Hapo mkae kidogo, mama ataelewa. Watu wanakwenda mbio kwenye mnara wa Livingstone, yule mmisionari mzungu, kule misheni, wanapapita pale kama kituo cha basi.

Chakula kuleni soko la samaki, kuna wamama wanakaanga samaki na pweza pale, ugali na kachumbari, watu wote mnashiba kwa hela ambayo kampuni inatoza sahani mbili. Mchana jua likiwa kali ndio muende misheni maana kule kuna ile njia yenye miembe mikubwa, kivuli kizuri, na mabenchi ya mama kupumzika.

mvita_kwetu:
Nawasoma kutoka Mombasa. Huku nasi tuna jambo kama hilo, watu wanachukua safari ya siku moja kwenda Gede na Malindi na wanarudi usiku. Gede ni mji mzima ndani ya msitu, jumba, misikiti, visima, kuna kaburi limeandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, na 2024 imeingia urithi wa dunia, tulifurahi mno. Lakini nawaambia wageni wangu wakiwa na mzee waende Jumba la Mtwana hapa Mtwapa, karibu na baridi ya bahari, wapate saa nzima na mtu wa kuwaeleza, kuliko kukimbizwa Gede, nguzo ya Vasco da Gama, soko, kila pahali dakika kumi. Kwa hivyo dada wa Dar, hiyo kampuni yako uliza ratiba yao kwanza. Wakikutajia pahali sita au saba kwa siku, waambie wapunguze.

Binti_Kimara:
Jamani asanteni, nimesoma zote na mume wangu anacheka anasema si nilikuambia. Ratiba yao nimeiangalia sasa hivi, kweli Kaole wameiweka mwisho, saa tisa na nusu, na wameipa nusu saa. Tumeamua gari letu na mwongozaji wa pale. Swali la mwisho kwa Mwalimu: huko misheni kuna nini hasa cha kumwonyesha huyu wa darasa la sita? Maana mama ni Mkatoliki atataka kukaa kule muda mrefu.

Mwl_Historia_Pwani:
Hapo mama kachagua vizuri. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua ile misheni 1868, wakawa wanawakomboa watumwa na kuwapa mahali pa kuishi, Kijiji cha Uhuru. Makumbusho yako kwenye jengo la zamani la masista, ingieni, kuna picha za zamani na minyororo ya watumwa. Makaburi ya wamisionari nayo soma miaka yao na mtoto, afanye hesabu mwenyewe ya umri, wengi walikufa vijana sana kwa homa.

Halafu kuna mnara wa kanisa la kwanza ambapo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874. Hapo ndipo nataka umshike mkono huyo mtoto. Kibao kinamtaja Livingstone, mwongozaji atamtaja Livingstone. Wewe muulize Chuma na Susi walikuwa nani. Livingstone alifia kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Hao waliokuwa naye, kina Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti, mwili wakaukausha wakaufunga, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano mpaka hapo. Hakuna aliyewatuma. Wangeweza kumzika wakaenda zao na hakuna ambaye angewalaumu. Wanafunzi wangu nikiwasimulia hapo chini ya mnara wananyamaza kabisa, na swali linalofuata huwa ni moja, walilipwa nini? Wainwright alisafiri na jeneza mpaka London akawa miongoni mwa wabebaji kwenye maziko Westminster, Chuma na Susi walifika maziko yameshapita.

Jengo lenyewe ni dogo, mama hatapanda popote. Ule msalaba wa kumbukumbu ya wamisionari uko ufukweni, kutoka kanisani unashuka moja kwa moja lakini jua likiwa kali nendeni na gari. Jumamosi jioni huwa kuna maandalizi ya ibada kwa hiyo mfike huko kabla ya saa tisa.

bint_mwambao:
Na kama mnaweza kuchelewa kidogo kuondoka, pitieni TaSUBa pale chuo cha sanaa muulize kama kuna ngoma jioni, siku nyingine wanafunzi wanafanya mazoezi uwanjani. Yule wa miaka mitano atakushukuru zaidi kwa hiyo kuliko magofu yote. Ukishajua tarehe niandikie inbox nikuunganishe na mwongozaji wa Kaole, kijana anajua, na hasemi haraka.